Namna mhusika wa katuni anavyozaliwa katika daftari la mwanafunzi

KILA sekunde moja ya filamu ya katuni inapopita mbele ya macho ya mtazamaji, picha 24 huwa zimepita nayo. Katika filamu zinazochorwa kwa mkono, wasanii wengi huipunguza kazi hiyo kwa kuchora picha 12 tu, kila moja ikionyeshwa mara mbili mfululizo, na jicho la binadamu haliung'amui ujanja huo. Hata kwa hesabu hiyo ya kubana matumizi, mhusika mmoja akionekana kwa dakika moja huhitaji michoro 720. Mwanafunzi anayetaka kuhitimu kwa filamu ya dakika tatu yenye mhusika mmoja ana michoro 2,160 inayomsubiri, bila kuhesabu ile atakayoichana.

Hesabu hiyo ndiyo chanzo cha tofauti iliyopo kati ya mwanafunzi wa sanaa hii, ambayo kwa Kiswahili imeanza kuzoeleka kwa jina la uhuishaji, na mwanafunzi wa uchoraji wa kawaida. Mchoraji wa picha ya kutundikwa ukutani huuchora uso mara moja. Mkono ukimtii siku hiyo, kazi imekwisha. Mhuishaji hana nafasi ya kutegemea bahati. Uso alioupata leo lazima aweze kuupata tena kesho, ukiwa umegeuka, umeinama au umekasirika, na hata ukiwa umechorwa na mtu mwingine kabisa. Mhusika akivalishwa koti lenye vifungo 12, dakika moja ya filamu itadai vifungo 8,640.

Ndiyo maana wahusika wa zamani walikuwa na maumbo mepesi mno. Mickey Mouse, aliyejulikana kwa umma kupitia filamu fupi ya Steamboat Willie mwaka 1928, alijengwa kwa miduara: kichwa ni mduara, tumbo ni mduara, na masikio yake ni miduara miwili inayobaki kuwa miduara hata kichwa kigeukie wapi. Mkono wake una vidole vinne. Kidole kilichokosekana hakikusahauliwa, kiliachwa ili kuokoa muda na wino.

Kwa mantiki hiyo, mchoro wa mhusika katika fani hii hufanya kazi inayofanana na ya ramani ya nyumba. Fundi mwingine ataisoma na kujenga, pengine bila kukutana na aliyeichora. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa. Hufika chuoni wakiwa na michoro ya kuvutia, yenye vivuli laini na nywele zilizochorwa unywele mmoja mmoja, kisha mwalimu akawataka wamgeuze mhusika huyo ili aonekane kwa nyuma. Hawawezi. Walichokuwa nacho ni sura ya upande mmoja, waliyoizoea kwa kuirudiarudia; mtu mzima mwenye kisogo, mabega na uzito hakuwahi kuwapo.

Dawa ya tatizo hilo ni daftari la michoro, na ikumbukwe kuwa daftari zuri la mwanafunzi wa uhuishaji kwa kawaida halipendezi kulitazama. Kurasa zake zimejaa mistari ya haraka na watu wasio na macho wala vidole, wengine wakiwa wamechorwa nusu kwa sababu aliyekuwa akichorwa aliondoka. Zoezi linalofanyika sana madarasani ni la mtu kusimama mbele ya wanafunzi na kubadili mkao kila baada ya sekunde 30 au dakika moja. Katika muda mfupi kiasi hicho hakuna anayeweza kuchora pua. Kinachowezekana ni kuona mguu upi umebeba mwili, bega lipi limeshuka na mgongo umepindia wapi. Mstari mmoja mrefu unaopita mwilini toka kichwani hadi unyayoni, ambao walimu huuita mstari wa tendo, huchorwa kwanza. Mengine hufuata kama muda upo.

Nje ya darasa, zoezi hilo huhamia mitaani. Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani hatembei sawa na aliyebeba mtoto mgongoni: wa kwanza shingo yake imetulia na kiuno ndicho kinachofanya kazi, wa pili ameinama mbele kidogo na mikono imerudi nyuma. Kondakta anayening'inia mlangoni mwa daladala au matatu ana mwili wenye umbo la upinde. Mzee anayeshuka ngazi hutanguliza mkono kabla ya mguu. Abiria aliyesinzia kitini hulegea kuanzia shingoni, na basi likifunga breki, kichwa chake huchelewa kidogo kuufuata mwili. Kuchelewa huko, kwa jinsi kulivyo kudogo, ni miongoni mwa siri kubwa za fani hii, kwa kuwa mhusika ambaye viungo vyake vyote huanza na kusimama kwa wakati mmoja huonekana kama roboti.

Kutokana na kurasa hizo, mwanafunzi huanza kumtafuta mhusika wake. Hatua mojawapo ni kujaza weusi umbo zima, macho na mavazi yakafutika, kisha kutazama kama mhusika bado anatambulika. Akiwa na wahusika watatu ambao vivuli vyao havitofautiani, huyo ana mhusika mmoja aliyebadilishiwa nguo mara tatu. Baada ya hapo hutengenezwa karatasi ya kielelezo, ambayo humwonyesha mhusika kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma na kwa mshazari, ikieleza pia urefu wake ni sawa na vichwa vyake vingapi. Karatasi nyingine huonyesha uso wake akiwa na furaha, hofu, aibu na uchovu. Mchoraji atakayepokea karatasi hizo hapaswi kuuliza swali.

Lipo pia zoezi la mfuko wa unga, ambalo mtu asiyelijua anaweza kulidhania mchezo wa watoto. Mwanafunzi hutakiwa kuchora mfuko uliojaa nusu, usio na macho, mdomo wala jina, kisha auonyeshe ukiwa na huzuni, ukiringa au ukiogopa. Pembe mbili za juu hugeuka mabega, mbili za chini hugeuka miguu, na unga uliomo ndani hushuka au kupanda kulingana na mkao. Kanuni ni moja: mfuko unaweza kubonyea ukapanuka, unaweza kuvutika ukawa mwembamba, lakini unga uliomo haupungui wala hauongezeki. Wahuishaji wawili wakongwe wa kampuni ya Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliiweka kanuni hiyo ya kubonyea na kuvutika mwanzoni mwa kanuni 12 walizozieleza katika kitabu chao cha mwaka 1981, ambacho hadi leo husomwa na wanafunzi wa fani hii.

Kanuni hizo zilitokana na shule, na shule yenyewe ilianza kwa haja ya kibiashara. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wachoraji wengi wa katuni nchini Marekani walikuwa wametokea magazetini, ambako picha haihitaji kutembea. Mwaka 1929 Walt Disney alianza kuwapeleka baadhi ya wachoraji wake kwenye masomo ya jioni katika chuo cha sanaa cha Chouinard, mjini Los Angeles. Novemba 1932 mwalimu wa chuo hicho, Don Graham, alianza kufundisha ndani ya studio yenyewe. Wachoraji waliokuwa wakilipwa kwa kuchora panya na bata sasa walitakiwa kukaa mbele ya binadamu aliye uchi na kujifunza jinsi paja linavyoshikana na nyonga. Miaka mitano baadaye, Desemba 21, 1937, filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, ikiwa na vibeti saba ambao kila mmoja alitambulika kwa mwendo wake.

Kwa ajili ya Bambi, filamu iliyotoka mwaka 1942, studio ililetewa watoto wawili wa swala kutoka jimbo la Maine ili wachoraji wawatazame wakikua. Msanii Rico Lebrun aliajiriwa kufundisha maumbile ya wanyama, na hakuishia kwenye picha: alitumia mzoga wa mtoto wa swala, akauchuna tabaka baada ya tabaka mbele ya wanafunzi wake hadi ikabaki mifupa. Harufu ya darasa hilo inaweza kukisiwa.

Hata hivyo, kujua mifupa hakutoshi kumpata mhusika, na ushahidi wa wazi ni Pinocchio. Filamu hiyo ya mwaka 1940 ilisimamishwa mwanzoni mwa kazi kwa sababu mhusika mkuu hakuwa akipendeka. Wachoraji walikuwa wamemwanza kama kikaragosi cha mbao, kigumu na chenye ncha, na jinsi walivyozidi kuwa waaminifu kwa mbao ndivyo alivyozidi kuwa mgeni kwa mtazamaji. Kijana Milt Kahl alilipindua wazo hilo. Alimchora kwanza mtoto wa kawaida, kisha ndipo akamtia viungo vya mbao magotini na kwenye viwiko. Tofauti kati ya michoro hiyo miwili ni mistari michache tu, lakini filamu nzima iliisimamia. Mwanafunzi anayedhani kuwa kumbuni mhusika ni kumwongezea pembe, mapambo na silaha angefanya vyema kuanza na kisa hicho.

Wanafunzi wanaozungumzwa zaidi katika historia ya fani hii walitoka katika chuo cha CalArts, California, ambacho mwaka 1975 kilianzisha kozi ya uhuishaji wa wahusika kwa msaada wa Disney, kampuni iliyokuwa ikihitaji warithi wa wakongwe wake. Humo walipita John Lasseter, aliyeongoza Toy Story mwaka 1995, na Brad Bird wa The Incredibles ya mwaka 2004. Humo pia alipita Tim Burton, na kisa chake kinafaa kutazamwa kwa karibu kwani kinagusa hofu iliyomo moyoni mwa wanafunzi wengi.

Burton alikuwa na mkono ambao hauwezi kukosewa: watu wembamba kama vijiti, macho makubwa ya mviringo, miguu inayochongoka na mishono iliyokatiza usoni. Filamu yake ya mwanafunzi ya mwaka 1979, iliyochorwa kwa penseli, ilimpatia kazi Disney. Alipofika huko alipangiwa The Fox and the Hound, filamu ya mbweha na mbwa iliyotoka mwaka 1981, na akatakiwa kuchora mbweha laini wenye kupendeza kwa mtindo ambao haukuwa wake. Alishindwa, na amelisimulia hilo mara nyingi bila kuona haya. Baadaye aliwekwa kubuni wahusika wa The Black Cauldron, lakini michoro yake haikutumika. Mwaka 1982 alitengeneza Vincent, filamu fupi ya vikaragosi ya dakika sita hivi, na michoro aliyoifanya katika miaka hiyo hiyo ndiyo iliyozaa The Nightmare Before Christmas, filamu iliyoongozwa mwaka 1993 na Henry Selick, naye mhitimu wa CalArts. Novemba 2009 jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilifungua maonyesho ya kazi za Burton yenye vitu zaidi ya 700, vikiwamo vijikaratasi na kurasa za daftari ambazo hazikuwahi kukusudiwa kuonekana na mtu.

Ni rahisi kuusoma mkasa huo kama ushindi wa kipaji dhidi ya kiwanda, lakini tafsiri hiyo ni ya haraka mno. Filamu ya katuni ya saa moja na nusu haiwezi kuchorwa na mtu mmoja, na kila mchoraji akitia mkono wake, mhusika atabadilika sura kila anapofungua mlango. Ajira iliyo nyingi katika fani hii, iwe Los Angeles, Nairobi au Johannesburg, ni ya wale wanaoweza kuuficha mkono wao nyuma ya karatasi ya kielelezo ya mtu mwingine. Mwanafunzi basi hudaiwa mambo mawili yanayovutana: awe na mkono unaotambulika, na awe na uwezo wa kuunyamazisha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Daftari ndipo mahali ambapo mkono huo huendelea kuishi baada ya saa za kazi.

Kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, mvutano huo una sura nyingine. Wengi walijifunza kuchora kwa kunakili katuni za televisheni na, kwa kizazi cha karibuni, michoro ya Kijapani. Kunakili si dhambi. Hakuna fundi aliyejifunza bila kumwiga fundi. Tatizo huonekana pale mwanafunzi wa Temeke au Kayole anapoambiwa amchore bibi yake, na mkono ukatoa kidevu chenye ncha, pua ndogo kama nukta na macho yanayojaza nusu ya uso. Hakukusudia. Mkono ulishika njia unayoijua. Pua pana, midomo minene, nywele za mabutu, kanga iliyofungwa kifuani na namna khanzu inavyoangukia kwenye kiatu ni mambo ambayo hakuna kitabu cha kigeni kilichomwonyesha jinsi ya kuyarahisisha hadi yachorwe mara 720 kwa dakika. Inabidi ayatafutie mstari yeye mwenyewe.

Umewahi kupatikana mstari wa aina hiyo, na haukutoka chuoni. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania na kufariki mwaka 1972, alichora jijini Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mgumu. Wanyama wake ni bapa, wana mipaka iliyo wazi, na husimama kwa ubavu wakiwa na madoa yaliyopangwa kwa mdundo. Mtindo huo uliobeba jina lake ndio uliochukuliwa kuwa msingi wa Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni za watoto uliotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, na ambao BBC ilianza kuurusha mwaka 2010. Wasanii wa Kenya walilazimika kujibu maswali ambayo mchoraji wa ubao hakuwahi kuulizwa. Chui aliyechorwa kwa ubavu maisha yake yote anageukaje? Madoa yake yanakwenda wapi anapoinama? Anafungua mdomo vipi ili aseme, pasipo kuacha kuwa mnyama wa Tingatinga? Mfululizo huo ulifikia vipindi 52, na ulikuwa darasa kwa vijana wengi waliopitia humo.

Jijini Dar es Salaam, shirika la Ubongo lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, na baadaye likamleta Akili, mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akili ana umbo jepesi kama la Mickey, kichwa kikubwa na mwili mdogo, lakini ni mtoto ambaye mtazamaji wa Mbagala anaweza kudhani amekutana naye.

Mfano wenye uzito zaidi wa kazi ya mwanafunzi ni wa Mkenya Ng'endo Mukii. Baada ya masomo katika chuo cha ubunifu cha Rhode Island nchini Marekani, alijiunga na Royal College of Art, London, na filamu yake ya kuhitimu ya mwaka 2012 ilikuwa Yellow Fever. Mada yake ni mkorogo, yaani krimu za kujichubua ngozi, na jinsi mwanamke wa Kiafrika anavyofundishwa kuuchukia mwili wake, somo ambalo filamu inaonyesha kuwa limekwisha kumfikia hata mtoto mdogo. Mukii alichanganya michoro na miili halisi ya wacheza dansi, sauti za watu wa familia yake zikisikika juu ya picha. Mwaka 2013 filamu hiyo ilipata tuzo ya Silver Hugo katika tamasha la filamu la Chicago. Kinachofaa kuangaliwa na mwanafunzi ni chaguo lililotangulia tuzo: katika filamu inayohusu rangi ya ngozi, kila uamuzi wa penseli na brashi kuhusu ngozi hiyo ni sehemu ya hoja, na asingeweza kuuazima kwa mtu. Mwaka 2023 Mukii aliongoza Enkai, filamu fupi iliyobeba jina la Mungu wa Wamaasai, mojawapo ya filamu 10 za Kiafrika za mkusanyiko wa Kizazi Moto: Generation Fire ulioonyeshwa na Disney+.

Kuhusu vifaa, mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Programu za Krita na Blender hutolewa bure, na Machi 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni. Kompyuta inaweza sasa kumgeuza mhusika upande wowote, ikapunguza kabisa mateso ya vifungo 8,640. Haiwezi kumwambia mwanafunzi kwamba mama mwenye ndoo amebeba uzito kiunoni. Wapo wanaotumaini kuwa programu mpya zinazotunga picha kwa maelezo ya maneno zitaliondoa daftari. Zilizopo hutoa sura nzuri kwa sekunde chache, na sura hizo kwa sehemu kubwa zina kile kile kidevu chenye ncha.

Vyuo vinavyopokea waombaji wa fani hii havijaliacha daftari. CalArts, pamoja na vyuo vingine vyenye jina, humtaka mwombaji alete kurasa za daftari lake sambamba na michoro ya watu na wanyama aliyoifanya akiwatazama, na michoro iliyonakiliwa kutoka katuni za wengine humpunguzia mwombaji nafasi. Kinachohitajika nyumbani ni penseli laini, karatasi zisizo na mistari na saa ya kuhesabu sekunde 30. Kituo cha basi hakidai ada, isipokuwa kwamba wanaochorwa wakigundua hubadili mkao, na wengine huja kudai waonyeshwe.